Mti wa Krismasi Ukishakauka, Usiukimbize Jalalani

Mwaka wa kwanza nilipoleta mti halisi nyumbani, niliutoa kama nilivyouingiza: kwa kuuburuta. Mti uliokaa ndani wiki tatu ni mkavu kweli, na kila ulipogusa kizingiti ulimwaga sindano, yaani yale majani yake membamba yenye ncha. Hadi mwezi wa tano nilikuwa bado nazichomoa kwenye zulia. Siku hizi nautandikia shuka kuukuu, naulaza, naufunga kama mzigo wa kuni, ndipo natoka nao.

Mapambo yatolewe kwanza, na si taa na mipira tu. Vitafute vile vijiwaya vya kuning'inizia, maana hujificha ndani ya matawi. Kimoja kilinitoboa kidole kupitia glavu. Na kama mti ulipuliziwa theluji ya bandia au rangi, mimi siupeleki bustanini wala kwa mifugo.

Wengi hukimbilia shina kwa kuwa ndilo lenye mbao. Mimi faida kubwa nimeiona kwenye matawi. Nayakata kwa mkasi wa kupogolea, yale mapana nayalaza juu ya matuta yaliyo wazi ili jua na mvua visiupige udongo moja kwa moja. Sindano zikishapukutika, nazitandaza kwenye mashina ya mimea na kwenye njia za bustani. Niliwahi kuonywa kwamba zitaujaza udongo tindikali. Nikaogopa bure: zikiwa mbichi zina tindikali kidogo, lakini zikilala juu na kuoza taratibu haziubadilishi udongo kwa kiasi cha kukutisha. Shida yake ni uvivu wa kuoza, kwa sababu zina nta juu. Kwenye mboji nachanganya kidogo tu, pamoja na majani mabichi. Vijitawi vilivyobaki uchi navichomeka kwenye njegere zipate pa kutambalia, na zinavipenda kuliko kamba.

Shina nalo nililikata vipande vya mviringo vya kuwekea vikombe. Kwa pupa nikavianika juani. Ndani ya siku chache vyote vikapasuka kutoka katikati hadi pembeni, kama keki iliyokatwa kipande. Vya pili nilivikausha kivulini kwa wiki kadhaa ndipo nikapiga msasa. Viwili vilipasuka hata hivyo. Utomvu ukikuganda mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni. Maji matupu hayautoi.

Kuni za ndani, hapana. Tawi kavu la msonobari huripuka kwa mwali mkubwa na kurusha cheche, na moshi wa mti wenye utomvu ambao haujakauka vizuri huacha masizi mazito ya lami ndani ya bomba la moshi, nayo yanaweza kushika moto baadaye. Kama ni lazima uchome, choma nje, tawi moja moja.

Mbuzi hutafuna msonobari kwa raha, ila jua kwanza ni mti gani ulio nao, kwani ipo miti ya kijani ya mapambo yenye sumu.

Mabaki niliyarundika pembeni ya uzio nikiahidi kuyaondoa. Nilipokwenda na toroli, nikakuta ndege keshaanza kujenga kiota humo. Nikarudi na toroli tupu.