Ukiunda Kayaki ya Mbao, Usiikimbilie Epoksi

Msomaji mmoja ameniuliza kama mtu asiyesomea useremala anaweza kujiundia nyumbani kayaki ya papi za mbao, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia. Anaweza. Mimi sikusomea. Fundi mmoja aliwahi kuniambia mbele za watu niache kuharibu mbao, na maneno yale bado yananichoma. Lakini kayaki yangu imeshaingia majini na haivuji hata tone.

Hatua za mwanzo hazina makuu. Unasimamisha fremu, yaani vibao vya muda vinavyoipa kayaki umbo, kila baada ya sentimita 30 hivi juu ya boriti iliyonyooka, kisha unapanga papi zenye unene wa milimita 6, ukizigandisha ukingo kwa ukingo. Mwerezi unapendwa kwa sababu ni mwepesi. Kingo za fremu zifunike kwa utepe wa plastiki, gundi isizishike, maana baadaye lazima zitoke.

Kinachowaponza wengi ni haraka. Papi zikishaungana, ubavu unakuwa na pembe ndogo ndogo ambazo mchana huzioni. Mimi nilikuwa nazima taa zote, naacha moja tu chini, kando ya ubavu, na kila tuta linatupa kivuli chake. Natia alama kwa penseli, napitisha randa ndogo, kisha ubao mrefu wenye msasa, kwa mshazari, mpaka alama zifutike. Halafu nafumba macho napapasa. Jioni baada ya jioni. Nawe fanya hivyo hivyo, usichoke, kwa sababu vanishi hailifichi bonde, inaling'arisha.

Ubavu ukishalainika, unautandikia kitambaa cha nyuzi za kioo na kukilowesha kwa epoksi, gundi ya majimaji inayochanganywa na kigumishi ili igande. Epoksi hiyo imwage joto la chumba linaposhuka. Likipanda, hewa iliyomo kwenye ubao hutanuka na kuacha mapovu chini ya kitambaa. Kitambaa kile cheupe kikilowa, weupe unapotea na rangi ya mwerezi inajitokeza yote. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Vipimo vya kigumishi usivizidishe ukidhani itakauka upesi; itabaki laini. Vaa glavu, kwani mzio wa epoksi ukishakupata haukuachi. Juu yake paka vanishi yenye kinga ya jua, kwa kuwa jua huila epoksi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usingoje mtu akuruhusu. Kama hujawahi kushika randa, inoe, ujaribu kwenye ubao wa kutupa. Ikianza kutoa maganda membamba yanayojikunja, simamisha fremu.