Kipimo, kipimio na beji ya "chini ya aproni"

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Nafanya kazi chumba cha eksirei hapa Malindi. Ukutani kwetu kumebandikwa tangazo: "Wafanyakazi wote wavae kipimo cha kukinga mionzi chini ya aproni. Vipimo virejeshwe kila mwisho wa mwezi. Kiwango cha mionzi ni milisiviti 20 kwa mwaka." Mwenzangu ashikilia kuwa "kipimo" ndilo neno. Mimi nasema ni "kipimio" kwa kuwa ni kifaa. Tuamulie.

JIBU: Waaleikum salaam. Ubishi wenu nitaumaliza upesi, maana tangazo lenyewe lina makubwa kuliko hilo.

Kisarufi nyote mko sawa. Kipimio ni kifaa cha kupimia, na kipimo nacho hutumika kwa kifaa. Taabu ya "kipimo" ni wingi wa kazi zake, na hospitalini ndiko zinakokutana zote. Mgonjwa akiambiwa alete vipimo, huleta karatasi za maabara. Kipimo cha dawa ni kiasi cha kumeza. Sasa mwanafunzi aliyeanza kazi jana akisoma "vipimo virejeshwe", atarejesha nini? "Kipimio" lingefaa, ila nani hulisema? Nina hakika kifaa hicho kidogo cha kuvaa, kinachorekodi mionzi aliyoipata mtu, kitengoni mwenu mwakiita beji. Basi andikeni beji ya kupimia mionzi, kama tusemavyo kisu cha kukatia na sufuria ya kupikia. Atakayesema "beji ya kupima" sitagombana naye. "Kipimamionzi" pia ni neno zuri, ndugu yake kipimajoto na kipimamvua, lakini mimi ningeliweka kwa kile kifaa cha mkononi chenye skrini, kinachopimia chumba. Kile hupima mahali, beji humpima mtu.

Kilichonishtua ni "kukinga". Beji haikingi kitu, kama vile kipimajoto kisivyoteremsha homa. Ndani ya kijumba chake cha plastiki mna vipande vidogo vya fuwele, aghalabu za lithiamu floraidi. Mionzi ikizipiga, fuwele hubaki na sehemu ya nishati yake. Beji hailii wala haiwaki taa. Ikifika maabara, fuwele hupashwa moto, zikatoa mwanga, na kadiri mwanga unavyozidi ndivyo mionzi iliyopokewa ilivyokuwa nyingi. (Ziko aina nyingine ambazo huamshwa kwa mwanga badala ya moto.) Kwa hivyo habari humfikia mwenye beji wakati mambo yamekwisha kupita. Cha kumkinga ni kukaa muda mfupi, kusimama mbali na mashine, na kuwa nyuma ya kizuizi. Mtu aliyeambiwa amevaa kitu cha kukinga atajongea karibu na mashine kwa moyo mkunjufu, na kosa litakuwa la aliyeandika tangazo.

Halafu hii "chini ya aproni", yaani lile vazi zito la kuzuia mionzi. Hapa naona Kiingereza kimetafsiriwa neno kwa neno. Kwetu nguo haivaliwi chini ya nguo. Dera huwa ndani ya buibui, kikoi huwa ndani ya kanzu, na fulana ya ndani hatujapata kuiita fulana ya chini. Chini ya aproni, kwa sikio la mtu wa Pwani, ni kwenye magoti, pale aproni inapoishia. Beji yatakiwa kifuani, au popote kati ya bega na kiuno, na aproni ikiwa juu yake, ili isome kile kilichoufikia mwili hasa. Tena kuna sehemu za kazi ambako mtu hupewa beji mbili, moja ndani ya aproni na moja nje yake, penye ukosi. Hapo "ndani" na "nje" zikichanganywa, hesabu yote imevurugika.

Na kwa kuwa tumeitaja aproni: mkiandika "aproni ya risasi", yuko atakayedhani ni ya kuzuia bunduki. Risasi hiyo ni madini, ile ile ya chubwi ya mshipi. Mie ningeacha "aproni" peke yake.

Lililobaki ni "kiwango cha mionzi ni milisiviti 20" (milisiviti ni kizio cha kupimia mionzi iliyoupata mwili). Neno "ni" limeharibu. Asomaye aweza kudhani kila mtu hupata 20, au anadaiwa azifikishe! Huo ni ukomo. Tume ya kimataifa inayoshughulikia kujikinga na mionzi iliupendekeza mwaka 1990: wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka 5, na hakuna mwaka hata mmoja wa kupita 50. Tena semeni ni wa nani. Ukomo wa mtu asiyefanya kazi hiyo ni milisiviti 1 tu kwa mwaka, na mgonjwa anayepigwa picha hahesabiwi humo, kwani yeye hupimiwa kwa haja ya matibabu yake. Ukuta wenu husomwa na wagonjwa pia.

Ningeliandika hivi:

"Kila mfanyakazi avae beji yake ya kupimia mionzi kifuani, ndani ya aproni. Beji haikingi mionzi. Irejeshwe kila mwisho wa mwezi ikasomwe. Mionzi anayopata mfanyakazi kazini isizidi wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka katika miaka 5, wala isipite 50 katika mwaka wowote."

"Ikasomwe" isiwatie shaka. Mita ya stima husomwa, na beji vilevile. Na hiyo "yake" nimeitia makusudi. Beji ikiazimwa, au ikisahauliwa kwenye aproni iliyotundikwa karibu na mashine inayofanya kazi, maabara itamwandikia mtu mionzi ambayo hakuipata. Zamu ikiisha, irudi inakotunzwa, mbali na chumba cha mashine.