Chumba kimya si lazima kiwe chumba cha kurekodi

Wadogo zangu wa Lamu, kazi zenu mnazojirekodia majumbani nazisikiliza na nazipenda, ndio maana naandika na hasira kidogo. Mnachagua chumba kwa kimya chake tu! Kila anayenunua maiki ya kondensa, ile nyeti inayonasa hata sauti ndogo, anakimbilia ukumbi wa nyumba ya mawe, eti ukuta nene, nje hakusikiki kitu.

1. Piga kofi kwanza, usikie chumba kinavyojibu. Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, ngumu, na vyumba ni vyembamba, mita 2.5 au 3 hivi, kwa sababu boriti za mkoko haziendi mbali zaidi, sasa zile kuta mbili ndefu zinatazamana na sauti inarushwa huku na huku. Kofi moja tu utasikia trrrrr kule juu karibu na dari. Nyumba hizi ndizo zilizotuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kukaa ni raha, lakini maiki haiziwezi.

Kuna kijana mmoja, sauti Mungu kampa mashaallah, alirekodi kasida nzima kwenye ukumbi kama huo ili iwahi Maulidi. Mwangwi ulimnogea, akasimama mita nzima kutoka kwa maiki, akaimba mpaka mwisho. Akaniletea nimiksi. Nikiweka kompresa mwangwi unapanda, maana kompresa inabana sauti kubwa halafu ukirudisha volyumu vile vidogo vyote vinakuja mbele, nikipunguza trebo, zile sauti nyembamba za juu, ndio maneno yanapotea, ha na kha zikawa kitu kimoja, na kasida isiyo na matamshi ni kasida gani jamani. Iliniuma kwa sababu alikuwa ameimba vizuri mno. Ikabidi arudie yote chumbani kwa mamake, kati ya kitanda na kabati lililoachwa wazi, mabuibui na leso zimening'inia, maiki shubiri moja kutoka mdomoni. Punda akilia uchochoroni tunasimama, akinyamaza tunaendelea. Ile ndiyo iliyotoka. Punda unaweza kumngoja, riverb, yaani mwangwi wa kutengeneza, utaiongeza baadaye ukitaka, lakini mwangwi wa ukuta ukishaingia kwenye faili kuutoa ukabaki na sauti safi hutaweza.

2. Kubandika trei za mayai ukutani wacheni, ni karatasi nyembamba. Godoro, blanketi zito, hivyo ndivyo vinavyonyonya.

3. Blanketi litundike nyuma ya mgongo wako! Nyote mnatundika nyuma ya maiki, na maiki ya kadioidi inasikia mbele yake, yaani wewe na ule ukuta ulio nyuma yako.

4. Kujifungia ndani ya kabati pia hapana, nguo zinakula trebo besi inabaki, unatoka kama unaimba ndani ya pipa.

5. Zima feni na friji, rekodi kimya sekunde 30, usikilize kwa hedifoni. Najua joto la kaskazi, basi ngoja baada ya isha, na angalia saa za adhana kabla hujaanza teki ndefu, yaani kurekodi kwa mkupuo mmoja.

6. Wa nyumba za makuti, nyinyi mwangwi haudumu ila kila kitu cha nje kinaingia, na kusi ikivuma makuti yenyewe yanachakarisha, kwa hiyo amkeni alfajiri upepo ukiwa bado mdogo. Na ukimaliza maiki irudi kwenye kasha pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, usiiache kwenye stendi usiku kucha, hii hewa ya chumvi mnaijua.