Fundi wa Miwani Anajibu: Walisagaje Kioo Kabla ya Mashine?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi miwani ya kusomea ya babu, ya kioo, nzito hadi inaacha alama puani. Zamani, bila mashine, walipataje ule mbinuko uliolingana pande zote? Na nitajuaje namba yake, maana maandishi yamefutika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ule mbinuko hakuna anayeuchonga, unajitokeza wenyewe. Chukua vioo viwili, tia katikati unga wa msasa na maji, kisha sugua cha juu mbele na nyuma huku ukikizungusha. Cha juu kitalika katikati, cha chini kitalika kingoni. Baada ya muda kimoja ni kibakuli, kingine ni mgongo wa kijiko. Umbo linaloweza kugusana kila mahali huku likienda kila upande ni kipande cha tufe tu, basi palipoinuka ndipo panapolika kwanza. Kosa linajirekebisha.

Ndiyo maana mafundi wa Italia waliweza kutengeneza miwani kwenye miaka ya 1280 bila kupiga hesabu. Mwaka 1306 mtawa Giordano wa Pisa alihubiri Florence kwamba ufundi huo haujatimiza miaka 20. Hesabu zenyewe zilikuwapo: Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikwisha kuandika Cairo juu ya mwanga na macho katika karne ya 11. Ila fundi alihitaji mikono na subira.

Subira hasa. Unaanza na msasa wenye punje kubwa, unashuka hadi laini kama poda, na kila ukishuka unaosha kila kitu, hata kucha. Mwisho ni kung'arisha kwa lami na unga mwekundu wa oksidi ya chuma. Siku hizi hutumika oksidi ya seriamu. Mimi niliwahi kufika hatua hiyo ya mwisho kwenye lenzi ya mwalimu mmoja, punje ikadondoka kutoka kwenye mkono wa shati langu. Mchirizi ukapita kati kwa kati. Nikarudi nyuma hatua mbili, na tangu siku ile nikasaga nikiwa nimevaa fulana.

Na vumbi lake si la kuchezea. Spinoza, yule mwanafalsafa wa Uholanzi aliyekuwa akisaga lenzi, alikufa mwaka 1677 kwa maradhi ya mapafu akiwa na miaka 44, na wengi hulishuku vumbi la kioo. Sisi tulijifunga kitambaa puani.

Sasa namba. Mchana, simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha. Shika lenzi moja sambamba na ukuta, isogeze polepole mpaka mti wa mbali huko nje utokee ukutani, kichwa chini. Pima kwa rula kutoka lenzi hadi ukutani, kisha gawa 100 kwa sentimita ulizopata. Sentimita 50 ni +2. Sentimita 40 ni +2.5. Jua usilitumie, utaunguza pazia.

Ukiona shina la mti linakuwa wazi mahali pamoja, na paa la nyumba linakuwa wazi mahali pengine, basi babu alikuwa na astigmatizimu, yaani jicho lililopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Lenzi yake haikusagwa kama tufe bali kama ubavu wa yai, upande mmoja umepinda kuliko mwingine. Hapo rula haitoshi. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma lenzi.