Mashine ya mkate usio na gluteni: soma ratiba yake kabla ya kuamini jina la kitufe

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili: kama mashine yenye kitufe kilichoandikwa "bila gluteni" inastahili bei yake ya ziada, na kama unaweza kupokea ile ya wifi yako ambayo imeoka mikate ya ngano kwa miaka kadhaa. Binti yangu ana ugonjwa wa siliaki, yaani mwili wake hudhurika akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, na huu ni mwaka wa sita mkate wake wote unaokwa nyumbani, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: mshukuru wifi yako, lakini usiipokee. Kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni pale tu gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 kwa kila kilo, nacho ni kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Mimi nilipewa mashine iliyotumika, nikaisugua kwa mswaki na maji ya moto siku mbili, sufuria yake ya ndani ikang'aa. Kabla ya kuiwasha niliipindua juu ya kitambaa cheusi na kuigonga ubavuni kwa kiganja, na kutoka karibu na waya wa joto ukadondoka unga mkavu wa zamani, kiasi cha kujaza ncha ya kijiko. Unga hurushwa huko chini kila mashine inapokanda, huingia pia kwenye mhimili unaozungusha kipande cha kukandia, na mahali hapo hapafikiki kwa kuosha. Sikuitumia hata mara moja. Ikiwa fedha ya mashine mpya haijatimia, ni afadhali uoke kwa sasa katika bati jipya ndani ya oveni ya kawaida, huku chakula cha ngano kikikaa mbali.

Sasa suala la kitufe, ambalo ndilo lililonigharimu zaidi. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa hujenga utando unaovutika, na utando huo ndio unaoishika gesi ya kaboni dioksidi inayotolewa na hamira. Mashine nyingi zimeundwa kwa kufuata tabia hiyo: hukanda, huacha donge liumuke, hulikanda tena ili kuitoa gesi, huliacha liumuke mara ya pili, kisha huoka, na kazi nzima huchukua saa tatu hadi nne. Donge la ngano hustahimili kukandwa upya kwa sababu utando wake hujirudi. Mchanganyiko usio na gluteni hauna utando huo. Kinachoshikilia gesi ni ute wa maganda ya sailiamu (mbegu ambazo maganda yake hunyonya maji na kuwa ute) au gundi ya zanthani (unga wa kufanya chakula kiwe kizito) pamoja na mayai, nao ukishavunjwa baada ya kuumuka haujijengi tena. Kwa hiyo mchanganyiko huo unahitaji kuchanganywa mara moja, kuumuka mara moja na kuokwa, basi.

Hilo sikulijua nilipoinunua mashine yangu ya kwanza mpya, ambayo haikuwa na programu yoyote ya aina hii. Nilikaa mbele ya kidirisha chake nikauona mchanganyiko ukipanda vizuri hadi karibu na ukingo wa sufuria, halafu kipande cha kukandia kikazunguka mara chache, na wote ukashuka mbele ya macho yangu. Mkate uliotoka ulikuwa na kimo cha vidole vitatu, mzito, na ndani yake ulinata kwenye kisu. Nikadhani kosa ni la unga, nikabadilisha unga mara tatu, kumbe kosa lilikuwa katika ratiba ya mashine.

Kwa hiyo usiishie kusoma jina la programu. Watengenezaji wengi huweka kitabu cha maelekezo kwenye tovuti zao, na ndani yake mara nyingi mna jedwali linaloonyesha dakika za kila hatua. Lisome kabla ya kutoa fedha. Panasonic na Zojirushi, kwa mfano, wana modeli zenye programu ya mkate usio na gluteni, lakini hata programu iliyopangwa vizuri ina udhaifu mmoja, nao ni kwamba muda wake wa kuumuka mara nyingi haubadiliki. Jikoni kukiwa na joto, mchanganyiko huwahi kupanda, hupita kiasi, kisha juu yake hubonyea wakati wa kuoka. Kukiwa na baridi, hupelekwa motoni kabla haujawa tayari. Ndiyo maana naipa uzito mkubwa mashine inayokuruhusu kupanga mwenyewe dakika za kila hatua, kuliko ile yenye programu ishirini zilizofungwa.

Kama hiyo haipatikani, kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni mashine rahisi yenye programu mbili zinazojitegemea, moja ya kukanda donge na nyingine ya kuoka tu. Mimi niliishi nayo kwa miaka miwili. Nilikuwa nikianzisha programu ya donge, naisimamisha baada ya dakika ishirini hivi, nakiondoa kipande cha kukandia kwa vidole vilivyoloweshwa ili kisiache shimo kubwa chini ya mkate, kisha naziba kifuniko na kungoja dakika arobaini na tano hadi sitini, hadi mchanganyiko ufike karibu sentimita mbili chini ya ukingo. Baada ya hapo nawasha kuoka kwa dakika sitini na tano au sabini. Inakutaka uwepo nyumbani, lakini uamuzi wa lini kuoka unabaki mikononi mwako.

Uangalie pia umbo la sufuria ya ndani. Mchanganyiko wetu haufanyi donge, unafanana na uji mzito sana, na unga mkavu hujificha kwenye pembe ambako kipande cha kukandia hakifiki. Sufuria ndefu yenye vipande viwili vya kukandia huchanganya vizuri kuliko ile ya wima yenye kimoja, ingawa kwa vyovyote vile utahitaji mwiko wa mpira kukwangua pembe katika dakika tano za mwanzo. Hakikisha basi kwamba mashine inaruhusu kufunguliwa kifuniko inapochanganya. Waya wa joto ndani ya kifuniko ni jambo jema pia, kwa kuwa mikate hii hubaki myeupe juu hata chini ikiwa imekwisha kuiva. Kisanduku cha kudondoshea zabibu na njugu usikilipie.

Ili uweze kuipima mashine yoyote kwa haki, tumia vipimo vya aina moja kila mara, na upime kwa mizani, kwani kikombe cha unga wa mchele na kikombe cha wanga havina uzito mmoja. Mimi hutumia gramu 400 za unga, nusu mchele au mtama na nusu wanga, gramu 20 za maganda ya sailiamu yaliyosagwa, mayai mawili, maji mililita 380, vijiko vitatu vya mafuta, chumvi, sukari kidogo na gramu 7 za hamira ya chembechembe. Sailiamu huichanganya na unga mkavu kwanza, kwa sababu ikigusa maji peke yake hufanya mabonge. Juu ikibonyea, punguza maji kwa mililita 20 au ufupishe kuumuka, lakini usifanye yote mawili siku moja, la sivyo hutajua lipi limesaidia.

Kipimajoto cha kuchoma katikati ya mkate kitakusaidia kuliko rangi ya ganda: ukifika nyuzi 96 hadi 98 za Selsiasi umeiva. Utoe wakati huohuo, kwa kuwa hatua ya mashine ya kuuweka mkate joto huulowesha kwa mvuke wake wenyewe, na usiukate kabla ya saa mbili, maana wanga wake bado haujashika. Siku ya pili huanza kukauka, kwa hiyo mimi huukata wote ukishapoa na kugandisha vipande.

Ukishapata modeli mbili au tatu unazozifikiria, niandikie dakika za kila hatua kama zilivyo kwenye jedwali la kitabu chake, na uniambie kama programu ya kuoka tu ipo na inafika dakika ngapi. Nyingine huishia sitini, na kwa mkate wa ukubwa huo dakika sitini mara nyingi hazitoshi.