Mbwa Akishang'ata Mtu, Mfungie, Usimuue

Mbwa aking'ata mtoto, mtaa mzima huokota mawe. Akishauawa na kutupwa, hakuna tena wa kuangaliwa kama ana kichaa cha mbwa, na majeruhi itabidi amalize sindano zote za kuzuia ugonjwa huo.

Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Pilipili na mafuta ya taa viacheni jikoni. Kisha hospitali, siku hiyohiyo, bila kusubiri mbwa ataonyesha nini. Mbwa akibaki mzima hadi siku ya 10, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki.

Kwa nini 10? Kirusi cha kichaa hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, ndipo kinashuka kwenye mate. Mbwa au paka aliyekuwa nacho mateni siku ya kung'ata huugua na kufa ndani ya muda huo. Hesabu hii haimhusu mbweha wala fisi.

Mnyororo peke yake hautoshi, maana watoto na mbwa wengine humfikia. Anahitaji banda lisilopitisha pua, kufuli, na ufunguo kwa mtu mzima mmoja. Bakuli lisukumwe kwa fimbo. Asichanjwe katika siku hizi: chanjo haitamwokoa aliyekwisha ambukizwa, na uchovu unaoweza kuifuata utakuchanganya.

Asubuhi na jioni andika kwenye daftari: amekula, amekunywa, analiaje, anatembeaje. Wengi husubiri mbwa mkali mwenye povu, kumbe kichaa cha kimya ndicho kinachowapita. Taya hulegea, mate huchuruzika, kumeza hawezi, miguu ya nyuma inayumba. Mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono autoe. Usithubutu! Mwite daktari wa mifugo.

Akifa, asizikwe wala kichwa kisipondwe, kwa sababu kinachopimwa ni ubongo. Vaa glavu, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye barafu, mpigie simu afisa mifugo. Kukata kichwa ni kazi yao.

Akivuka siku 10 akiwa mzima, imethibitika tu kwamba mate yake hayakuwa na kirusi siku ile. Kama naye aling'atwa na mbwa asiyejulikana, kirusi huweza kujificha mwilini miezi kadhaa, kwa hiyo aendelee kufungiwa kwa muda atakaopanga daktari wa mifugo. Mbwa mwingine yeyote aliyevuka siku hizo achanjwe siku ya 11, kabla hujamfungulia.