Maswali ya Wasomaji: Ulikuwa Unaendesha Nini Kabla ya Klabu?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu walioingia klabu za baiskeli wakiwa tayari wameshaendesha kitu kingine kwa miaka: Phoenix, boda, baiskeli ya maziwa, baiskeli ya gym isiyokwenda popote. Tumezijibu kwa pamoja kwa kuwa zinafanana kuliko wenyewe wanavyodhani.

Klabu yetu ina watu 17. Wamo vijana waliokuwa wakibeba maziwa, waongoza watalii wa baiskeli, mwalimu mstaafu, na akina dada wawili waliotoka gym. Nataka kuandika daftarini kila mmoja katokea wapi. Nikiuliza "una uzoefu?" wote wanajibu ndiyo. Niulize nini? — Katibu wa klabu, Moshi

Ndugu katibu, neno "uzoefu" lifute. Anza na breki: baiskeli uliyoendesha zaidi ya mwaka, breki ya mbele ilikuwa mkono gani?

Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalovunja watu mikono. Phoenix na nyingi zilizofuata mtindo wa Uingereza zina breki ya mbele mkono wa kulia. Mitumba ya Ujerumani na Marekani mara nyingi ina ya mbele kushoto. Mitumba ya Uholanzi mingine haina breki ya nyuma mkononi kabisa. Unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mtu aliyezoea hiyo ya miguu, mbuzi akikatiza barabara, miguu yake hurudi nyuma kabla kichwa hakijafikiri. Kwenye baiskeli ya gia pedeli zinazunguka tupu, na sekunde nzima imekwenda. Aliyebadilishiwa mikono naye anabana ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, kisha anapita juu ya usukani.

Kwa hiyo siku ya kumwandikisha, inua gurudumu la mbele la baiskeli yake, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja uone upi unalisimamisha. Kama si mkono aliouzoea, breki za waya fundi anazibadilisha kwa dakika 15 hivi, ilimradi waya zinafika. Breki za mafuta mpelekee fundi anayezijua, maana hewa ikiingia kwenye bomba lake hazibani tena. Asipobadilisha, funga utepe mwekundu kwenye mkono wa breki ya mbele na afanye mazoezi ya kusimama uwanjani mara 30 kabla ya kutoka na wenzake.

Halafu muulize amewahi kukaa juu ya tandiko kwa muda gani bila kushuka. Usiulize kilomita, kwa sababu kilomita za Moshi hadi Himo si sawa na za Himo kupanda Marangu. Muulize pia kama amewahi kuendesha mita moja nyuma ya mtu mwingine. Pancha usimuulize: mpe tairi, vishikio viwili vya kubandulia, kiraka na pampu, umwangalie. Mwisho andika goti, mgongo, pumu na namba ya simu ya ndugu yake.

Ukipanga makundi, usipange kwa nguvu peke yake. Wabeba maziwa watawaacha wote mlimani wiki ya kwanza, lakini wengi wao wamezoea kupanda kwa kukata barabara kushoto na kulia ili mzigo uwe mwepesi. Peke yako hiyo ni akili. Mbele ya watu kumi inawaangusha wote. Mlimani waache watangulie mbali na kundi, lakini tambarare wakae nyuma mpaka waache kuyumba.

Nimepiga boda ya baiskeli miaka tisa kabla ya pikipiki kutumaliza. Sasa niko klabu na nimenunua racing ya mtumba. Kwa tambarare nawaacha, mlimani wananiacha, na goti la kulia linauma kwa mbele. Wananiambia nakanyaga kama mtu anayesukuma pampu ya kisima. — Kisumu

Wenzako wamesema kweli. Chukua baiskeli ya boda yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, gurudumu la inchi 28: mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 5.4. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa, na hiyo ndiyo kasi ya boda mwenye abiria. Miaka tisa miguu yako imejifunza mwendo huo mmoja: polepole na kwa nguvu. Kwenye racing unatafuta gia inayokupa uzito uleule, ndiyo maana tambarare unatesa. Mlima ukija, nguvu ya paja inaisha, na goti ndilo linalolipa.

Hesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Bila shaka utapata 56 au 60. Unatafuta 80 hadi 90. Kwa wiki mbili weka mnyororo kwenye gia ndogo ya mbele, hata barabara ikiwa tambarare, na ukubali kuachwa. Utajikuta unarukaruka juu ya tandiko. Punguza kidogo mpaka kuruka kuishe, kaa hapo dakika tano, ongeza tena. Kama mbele una 34 na nyuma 28, ukizungusha 80 utapanda kwa kilomita 12 kwa saa bila kuumiza chochote. Kama nyuma jino kubwa kabisa ni 23, kama mitumba mingi ya zamani ilivyo, tafuta kaseti (rundo la meno ya nyuma) yenye 28; kwanza fundi aangalie kama deraila yako, kile kifaa kinachohamisha mnyororo, inaifikia.

Sasa goti. Boda huweka tandiko chini ili mguu ufike ardhini abiria anapopanda. Tunahisi umeihamisha tabia hiyo. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu katikati ya miguu kikiwa juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 82, jibu ni 72.4: ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya tandiko. Hiyo ni pa kuanzia, si amri. Usipandishe yote siku moja. Weka alama ya utepe kwenye bomba la tandiko na pandisha milimita 5 kila baada ya safari mbili tatu. Goti kuuma mbele mara nyingi ni tandiko kuwa chini au kusogezwa mbele mno. Kuuma nyuma ya goti, umepitiliza juu.

Lakini wewe unaumwa la kulia tu. Mtumba ulioanguka safarini huweza kupinda ekseli ya pedeli. Ondoa mnyororo kwenye meno, zungusha krenki, mtu aangalie kutoka nyuma. Pedeli ikicheza kama mlevi, hakuna tandiko litakalokuponya. Nunua pedeli mpya. Goti likivimba, nenda hospitali.

Kuna na tabia ya pili ya boda: kugeuka ghafla ukisikia mtu anaita, na kusimama juu ya pedeli bila taarifa. Ukisimama, baiskeli inarudi nyuma kidogo kwa aliye nyuma yako, na gurudumu lake la mbele linakugonga. Kabla ya kusimama panda gia moja nzito, inuka wakati mguu mmoja unashuka kwa nguvu, na sema "nainuka".

Wala usione haya kwa kazi uliyotoka nayo. Abraham Ruhumuriza wa Rwanda alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, na alishinda Tour du Rwanda zaidi ya mara moja.

Nimefanya spinning gym miaka minne, nguvu ninazo. Jumapili ya kwanza na klabu, njia ya Bagamoyo, niligusa gurudumu la wa mbele nikaanguka. Yeye hata hakuyumba! Kwa nini? — Dada mmoja, Dar es Salaam

Pole, dada. Yeye aliguswa gurudumu la nyuma, ambalo halina kazi ya kushika mizani. Wewe uliguswa la mbele, ambalo ndilo linalokuweka wima. Likizuiwa kugeuka hata sentimita chache, unaanguka. Kwa hiyo gurudumu lako la mbele lisiingie kamwe ubavuni mwa lake la nyuma kwa karibu. Kaa nyuma yake moja kwa moja, au pembeni kwa nafasi ya mkono mzima.

Baiskeli ya gym haikukufundisha mambo matatu. Gurudumu lake zito linavuta miguu yenyewe, kwa hiyo hujazoea kuacha kukanyaga. Haiyumbi. Na haina mtu mbele. Tafuta uwanja wenye mstari wa rangi wa mita 20, upite juu yake bila kuuacha, kwanza kwa mikono miwili, kisha ukinywa maji, kisha ukitazama nyuma kupitia bega la kulia, maana kwetu magari yanapita upande huo. Hapo wengi huvuta usukani bila kujua. Legeza kiwiko cha kulia.

Kisha fuata mtu mmoja kwa mita mbili, baadaye moja. Nusu mita iache kwa miezi mingine. Macho yawe mabegani kwake, usitazame tairi lake. Ukimkaribia, usibane breki: acha kukanyaga, inua kifua upepo ukupunguze. Breki ya ghafla inamwangusha aliye nyuma yako, naye atakulaumu kwa haki.

Nina miaka 64, Phoenix yangu naijua kuliko vijana wanavyojua zao. Wanataka ninunue baiskeli ya gia. Ni lazima? — Mwalimu mstaafu, Tabora

Shikamoo, mwalimu. Si lazima, na Tabora ni tambarare. Badilisha vitu viwili.

Cha kwanza friwili ya nyuma. Toa ya meno 18, funga ya 22. Kama mbele una 44, mzunguko mmoja utakupeleka mita 4.5 badala ya 5.4, ukizungusha 70 bado unakwenda kama kilomita 19 kwa saa, na upepo wa mbele hautakukomesha. Mnyororo huenda ukahitaji pingili mbili zaidi. Cha pili ni raba za breki. Breki za fito hubana ndani ya rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa karibu hazishiki. Weka nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya raba na rimu, na mvua ikinyesha bana kidogo kila baada ya muda ili kuifuta maji kabla hujaihitaji. Siku hiyo kaa nyuma ya kundi mita kumi. Kama krenki inagonga "ko, ko" kila ukikanyaga, pini yake imelegea. Ukiendelea hivyo litaliwa tundu la mkono wa krenki wenyewe, na huo bei yake si ya pini.

Mimi mkimbiaji wa nusu marathoni. Pumzi ninayo, lakini baada ya saa mbili kwenye baiskeli naishiwa kabisa. — Eldoret

Hujala. Mbio zako zinaisha kabla akiba ya mwili haijaisha. Safari ya klabu huchukua muda wa saa nne. Anza kula dakika ya 40, kabla ya njaa: ndizi moja kila nusu saa, au nusu lita ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, jua likiwa kali zaidi.

Nina mountain bike ya inchi 26. Nitawaweza wa racing? — Morogoro

Badilisha tairi za vinundu vikubwa uweke laini za 26 x 1.5, jaza upepo karibu na kiwango kilichoandikwa ubavuni, na funga springi za uma kama zina kitufe. Tambarare utahangaika kidogo wakipita kilomita 32 kwa saa. Wakiingia vumbi la Mikese, watakusubiri wewe uwaoneshe njia.